Ghaibu na Ghibu

Jumanne, 6 Mei 2025

Mchungaji Chege amenipigia simu nikiwa staffroom, mdomo umejaa githeri. Kuna mgeni anakuja. Nabii! Kutoka nje — hajui Kiswahili hata cha salamu. Atahubiri Jumapili hii na Jumapili ijayo, na katikati ya wiki atakuwa na maombi Thika. Mimi ndiye nitamtafsiria. Si ombi hilo. Kwa kanisa letu lote hapa Gitothua, anasema, mwalimu wa Kiswahili ni mmoja, na Mungu hakumweka bure.

Nimefurahi. Hapa naweza kukubali. Miaka sita nasimama kando ya wahubiri na maikrofoni ya pili. Napenda vile neno linaingia likiwa la mtu mwingine na linatoka likiwa na sauti yangu.

Shida ni moja tu. Kichwa cha mkutano ni Entering the Supernatural. Mchungaji anataka bango liwe na Kiswahili pia. Anataka kesho.

Supernatural. Haya, Ndunge. Sema.

Kimiujiza? Hapana. Muujiza ni kitu kimetendeka. Hili ni neno la kule kinakotoka. Yasiyo ya kawaida? Maji kutoka kwa mfereji siku tatu mfululizo hapa kwetu ni jambo lisilo la kawaida, na hakuna malaika aliyehusika. Kiroho? Hata mkutano wa kamati ya hema na viti tunauita wa kiroho. Ulimwengu wa roho — hilo watu wamelizoea kwa maombi, lakini kila nikilisikia naona vitu vya kukemewa. Kuzimu ni mbaya zaidi. Ahera? Hapo ushakufa tayari.

Nimemuuliza Kang'ethe wakati ananawa, ametoka kwa welding na masizi mpaka kwa kope. Mume wangu hana shida na maneno. Andika Nguvu za Mungu, amesema, watu waje.

Jumatano, 7 Mei

Nimepata! Si mimi, ni Mutiso, yule mwalimu mwenzangu wa dini. Amesikia nikilinung'unikia lile neno nikiwa na vitabu vya kusahihisha, akasema: ghaibu. Hivyo tu. Akaendelea na chai.

Ghaibu! Kile kisichoonekana na macho ya mtu, Mungu peke yake ndiye anakijua. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Watu wa bara hatulitumii, linanukia pwani. Lakini ni zuri. Halitishi. Linasema tu: kuna mahali huoni.

Nimeliandika ubaoni Grade Six. Nani anajua maana? Wilkister, yule wa dawati la mbele, akainua mkono: Mwalimu, ni kama ile ya kusema shairi kwa ghibu? Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, swali lilikuwa zuri. Nikawaeleza: yanafanana sura, msiyachanganye. Ghaibu ni kilichofichwa macho. Ghibu ni kile umeweka kichwani. Mtu akisema shairi kwa ghibu, huoni kitabu mkononi, unaweza kudhani limemshukia. Lakini kuna mahali alilisoma kwanza.

Wakaandika. Nusu wameandika gibu.

Mchungaji amelikataa. Ati watu watauliza Ghaibu ni nani, ni nabii wa pili? Amechagua lingine kwa orodha niliyompa, na bango linaenda kuchapishwa hivi: KARIBU KATIKA ULIMWENGU WA ROHO. Sawa tu.

Wamboi amepitia nyumbani saa kumi na moja, akitoka kazini Thika, ile kliniki ya meno anakofanya reception. Tumekunywa chai. Amemleta Ciku, binti yake, ana miaka mitatu sasa na anaongea kama redio. Wamboi ameuliza nitavaa nini Jumapili. Nikamwambia ile nguo ya kijani. Ameuliza kama Kang'ethe atakuwa kwa zamu ya mlangoni. Nikasema ndiyo, yeye ni usher kila Jumapili, si unajua. Akasema ndiyo, najua. Akaniombea kabla ya kuondoka, mkono kwa bega. Nina rafiki mmoja wa kweli maishani na ni huyu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekutana na nabii. Guest house Thika, baada ya shule, na Mchungaji Chege kando. Mtu mpole. Viatu vyeupe! Anakula chapati na uma. Amenieleza anavyopenda: sentensi fupi, nisipanue, nisieleze, nifuate tu. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu.

Alikuwa na kijitabu. Nilipoketi alikifunga.

Akaniuliza kama mimi ni mama. Nikasema ndiyo, nina msichana mmoja, Beth, kumi na mmoja anaingia. Akauliza: mmoja tu? Nikacheka, nikasema huyo mmoja anatosha kumi. Mchungaji hakucheka. Alikuwa anaangalia chai yake.

Jumapili, 11 Mei

Saa kumi alasiri. Nimefunga mlango wa chumba cha kulala. Lazima niandike yote kama yalivyokuwa, kwa mpangilio, kabla wengine hawajaanza kunisimulia.

Ilikuwa Siku ya Akina Mama. Kanisa limejaa, viti vya plastiki mpaka nje. Nabii alianza vizuri. Alihubiri juu ya Hana, nikamfuata, tukaenda pamoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Anapiga, napiga. Watu walikuwa wanapiga makofi kwa Kiswahili changu!

Halafu akashusha sauti. Akasema kuna mama hapa ndani ana mtoto ambaye hamhesabu.

Nikatafsiri. Sauti yangu ilikuwa nzuri, nakumbuka.

Akasema mama huyo anatoka upande wa ukame, mashariki ya Thika. Nikatafsiri.

Akasema alimzaa akiwa bado msichana nyumbani kwao, mwaka wa elfu mbili na sita, na mtoto hakumaliza siku kumi. Hapo ulimi ulikuwa mzito. Lakini uliendelea! Hilo ndilo siwezi kujisamehe. Sikio lilisikia, na mdomo ukaendelea na kazi yake kama cherehani ambayo mtu amesahau kuizima.

Akasema: mumewe hajui.

Mumewe hajui, nikasema kwa maikrofoni.

A baby boy, akasema. He is crying in the supernatural.

Mtoto wa kiume, nikasema. Analia katika — nikanyamaza. Watu mia tatu wananingoja. Ghaibu? Ahera? Kuzimu? Wiki nzima nilikuwa nacheza na hayo maneno kama kete za bao. Sasa kila moja lilikuwa mahali, na nilikuwa naulizwa nimweke wapi. Nikasema ulimwengu wa roho. Kama bango.

Halafu akageuka. It is you. Akaweka kiganja kwa paji la uso wangu.

Na mimi — woi! — nikatafsiri. Ni wewe, niliwaambia watu. Hawakuelewa. Walikuwa wananingoja nionyeshe ni nani.

Halafu wakaelewa. Kelele! Wanawake wa mbele wamesimama, wengine wanalia, mmoja anaita Yesu, Yesu. Nilimtafuta Kang'ethe. Alikuwa mlangoni, ameshika viti viwili alivyokuwa akipelekea watu wa nje. Hakuviweka chini. Aliviinua juu kidogo, kama mtu anayejikinga na jua, akatoka navyo.

Ni kweli. Wacha niandike, ni mara ya kwanza. Nilizaa Ngoliba, kwa mama yangu, Mwaitu, nikiwa na miaka kumi na tisa, nikingoja kwenda college. Mtoto aliishi siku tisa. Baba yake alikuwa ameshaenda zake kabla tumbo halijaonekana. Mwaitu alimzika karibu na ua wa katani, bila watu, na tukakubaliana hatutasema.

Lakini hakuwa wa kiume.

Hakuwa wa kiume! Alikuwa msichana. Mungu hakosei kitu kama hicho. Mwaitu hakosei, yeye ndiye alimkata kitovu na yeye ndiye alimwosha mara ya mwisho. Na mimi sikosei.

Kuna mtu mmoja tu duniani niliyemwambia ni wa kiume. Mmoja. Miaka mitatu iliyopita, wodi ya akina mama, Thika. Wamboi alikuwa amejifungua jana yake na akanipa Ciku nimshike. Nikalia. Akauliza ni nini, na sijui ni nini kilinifungua — nikamwambia. Mwaka, mahali, siku tisa. Lakini nilikuwa nimemshika msichana mikononi, mwenye joto, anapiga miayo. Sikuweza kusema msichana. Nikasema alikuwa kijana.

Uwongo mmoja nilioweka pale ndani, na ndio huo nabii ameusoma.

Haikuwa ghaibu. Ilikuwa kwa ghibu.

Jumatatu, 12 Mei

Sikuenda shule. Nimesema naumwa.

Kang'ethe ameamka mapema akaenda karakana bila chai. Hajasema neno tangu jana. Si kwa ubaya. Ni kama mtu anayebeba maji kwa kichwa na hataki yamwagike.

Beth amerudi saa tisa. Ameweka bag chini. Mami, ati niko na kaka analia chini ya ardhi? Nimemuuliza nani kasema. Watoto wote wa Sunday school, Mami.

Nilimpikia mayai.

Jumanne, 13 Mei

Kang'ethe amesema. Nilikuwa naanua nguo na akaja akasimama upande ule mwingine wa kamba, shuka katikati yetu.

— Mama Beth, nilikuuliza. Kabla niwalete wazee kwenu, tulikaa pale Thika, nikakuuliza kama kuna kitu napaswa kujua.

— Uliniuliza.

— Ukasema hakuna.

— Nikasema hakuna.

Akaguna. Akasema yeye amefichwa miaka kumi na miwili, Mungu akaona, akaamua kumwonyesha mwenyewe.

Hapo nilishindwa. Nilimwambia hakuna Mungu hapo, Baba Beth. Ni Wamboi! Nilimwambia Wamboi, na Wamboi amepeleka.

Nilidhani hilo litasaidia. Nilidhani atakasirika pamoja nami, akiwa upande wangu. Lakini aliishusha ile shuka ili anione vizuri.

— Kumbe hata Wamboi alijua kabla yangu.

Akaenda. Shuka ikabaki imekunjika kwa kamba mahali aliposhika, na masizi ya vidole vinne.

Ni kweli kila neno alilosema. Ningekuwa mimi ningeumia.

Jumatano, 14 Mei

Nimeenda Thika saa ya lunch. Wamboi alikuwa kwa dirisha la reception, akaniona kupitia kioo, akasimama kabla sijafika mlangoni. Tumekaa nje kwenye benchi la wagonjwa. Mzee mmoja ameshika shavu lake upande wa pili, kwa hivyo tuliongea kwa sauti ya chini.

Sikuuliza kama ni yeye. Nilimuuliza ilikuwaje.

Akasema Mchungaji aliwaita viongozi wa idara. Yeye amekuwa kiongozi wa akina mama tangu Januari. Kila mmoja alipewa karatasi aandike mizigo ya watu anaowajua vizuri, ndio nabii ajue vile ataomba. Wengine waliandika magonjwa. Wengine ndoa. Yeye akaandika yangu. Kwa sababu ananipenda, anasema. Kwa sababu ni mzigo, na mzigo huombewa.

— Ukaandika na mwaka?

— Mchungaji alirudisha karatasi. Akasema niongeze details.

— Na kwamba Kang'ethe hajui?

Akaangalia viatu vyake.

— Wamboi. Ulijua atasema mbele ya watu?

Nampa hiyo, hakudanganya.

— Nilijua atagusia. Sikujua atakugusa wewe, na mic mkononi. Haki sikujua hiyo.

Nguo utavaa gani. Kang'ethe atakuwa kwa mlango. Alikuwa anajua! Alikuwa ameketi kwa kiti changu, akinywa chai yangu, akipanga mahali pa kuangalia.

Nikamwambia: alikuwa msichana.

Hakuelewa. Nikarudia. Mtoto wangu alikuwa msichana, nilikudanganya, na ndio nikajua ni wewe. Uso wake! Nilingoja aibu. Kilichokuja ni kingine — alianza kulia, kwa hasira. Kwa nini ulinidanganya, Ndunge? Mimi nimekuambia kila kitu cha maisha yangu. Kila kitu! Na wewe ulikuwa unaniambia uwongo usoni, na mtoto wangu mikononi mwako?

Yeye ndiye amesalitiwa!

Nikamwambia ukweli. Kwamba nilikuwa nimemshika Ciku. Kwamba Ciku alikuwa amefungwa shali ya njano, na wangu alifungwa leso ya Mwaitu, na uso ulikuwa mdogo hivyo hivyo. Sikutaka kuwaweka wawili hao kwa sentensi moja. Niliogopa itamwambukiza mtoto wake.

Wamboi akaacha kulia ghafla. Yule mzee wa jino akatuangalia. Mtu wa ndani akaita jina la Wamboi mara mbili, simu inalia kwa reception. Akainuka. Akataka kunishika mkono. Nikauondoa.

Nilifika stage ya matatu nikagundua bado nina njaa. Hata hilo limeniudhi.

Ijumaa, 16 Mei

Mchungaji Chege amekuja mwenyewe. Na Kang'ethe alimkaribisha! Walikuwa wameketi sitting room nilipotoka shule, chai imemiminwa, kama hakuna kitu.

Ana furaha nzito, yule mtu. Video ya Jumapili imesambaa kila group. Watu wanakuja kutoka Githurai 45, wameomba wawekewe hema. Jumapili hii nitafsiri tena, halafu nitoe ushuhuda: vile mzigo umetoka, vile ndoa imepona. Na Jumamosi inayofuata tutaenda Ngoliba na nabii, na mtu wa kamera, kuombea kaburi la kijana na kumfungua.

Nikauliza kumfungua kutoka wapi.

Kutoka ulimwengu wa roho, akasema. Amesahau hayo maneno nilimpa mimi.

Nikamwambia hakuwa kijana, Mchungaji. Alikuwa msichana. Hizo habari zilikuwa kwa karatasi yako. Nilisema mbele ya Kang'ethe, wazi, sikupunguza. Mchungaji aliweka kikombe chini. Hakukana karatasi! Alisema karatasi ni kama kuni, nabii ndiye moto, na kuni peke yake haziwaki. Akasema katika ulimwengu wa roho hakuna kike na kiume. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba watu mia tatu wameamini Jumapili, wengine wameacha pombe, na mimi nataka kuwaambia nini? Kwamba Mungu amekosea? Au kwamba mwalimu alidanganya mume wake, akadanganya na rafiki yake, na sasa anadanganya kanisa?

Nilimwangalia Kang'ethe. Alikuwa anazungusha kifuniko cha flask.

— Wacha twende Ngoliba, akasema. Mimi nataka kuona hapo mahali.

— Ungeniambia mimi, ningekupeleka.

— Ningekuambia nini na sikujua kuna mahali?

Mchungaji akaomba. Tukafumba macho wote watatu. Mimi nilifungua yangu katikati, na Kang'ethe naye alikuwa amefungua. Tukaangaliana hivyo mpaka amina.

Nimempigia Mwaitu. Nilidhani atalia, au ataniuliza kwa nini nilifungua mdomo. Nikasikia kuku wake. Halafu akauliza ni nani amesema kijana. Nikamwambia nabii. Akasema: waje. Mimi ndiye nilimwosha, nitawaambia nilichoosha. Akauliza kama nimekula.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua asubuhi yote. Nimesahihisha insha. Wilkister ameandika: Babu yangu aliyeaga yuko ghaibu, haonekani lakini hajapotea. Nimempa alama zote. Halafu nikakaa na hicho kitabu chake kwa magoti, sikuweza kuchukua kingine.

Jina lake lilikuwa Nzisa. Mwaitu alimpa siku ya tatu. Siku tisa, saba kati yazo akiwa na jina.

Nitaenda kesho. Nimefikiria kukataa — kuumwa tena, kuzima simu. Lakini nikikataa, watampa mtu mwingine ile maikrofoni, na mtoto wangu atabaki kuwa kijana kwa Kiswahili milele.

Jumapili, 18 Mei

Niko chumba cha Sunday school, nyuma ya madhabahu. Mabati tu ndiyo yananitenga na wao. Nasikia kila kitu. Naandika kwa nyuma ya karatasi za watoto za kupaka rangi, nitazibandika baadaye. Ni saa sita kasorobo.

Nimeianza ibada vizuri. Nguo ya kijani ile ile. Watu ni wengi kuliko Jumapili iliyopita, hema mbili nje, spika mpya. Nabii alinisalimia kama dada yake. Tukaenda nusu saa, sentensi kwa sentensi, na sikukosea hata moja. Wamboi alikuwa safu ya pili na akina mama wake, Ciku kwa mapaja. Kang'ethe mlangoni.

Halafu akafika. Akaniwekea mkono begani, akawaambia wamtazame mama huyu. Nikatafsiri: mtazameni mama huyu. Akasema Jumapili iliyopita mbingu zilifungua siri yake. Nikatafsiri. Akasema, the boy is no longer crying — kijana halii tena.

Nikasema: Msichana. Alikuwa msichana. Mungu alijua, nabii hakujua.

Sikupaza sauti. Wale wa Kiingereza ndio walishtuka kwanza, nikaona vichwa vikigeuka kimoja kimoja. Wengine wakasema amina kwa mazoea. Nabii akanitabasamia, anangoja, hakujua nimesema nini! Akaendelea kwamba sasa amepumzika: he is at rest in the supernatural. Nikasema: mtoto wangu wa kike yuko ghaibu, na hakuna mtu hapa anayejua huko ni wapi. Hata mimi. Habari zake ziliandikwa kwa karatasi na watu wa hapa, nabii akazikariri.

Mchungaji alifika haraka lakini kwa tabasamu. Akaifunika maikrofoni na kiganja, akaitoa mkononi mwangu kidole kwa kidole. Akawaambia watu mtafsiri amelemewa na upako, tumwimbie Bwana. Wakaanza wimbo. Mashemasi wawili wa kike wakanileta hapa, mmoja akinipepea na bulletin. Wakaniacha.

Kang'ethe amekuja nyuma yao. Hajaketi, viti vyote hapa ni vya watoto. Amesimama mlangoni, mgongo kwa mlango, na nadhani ni yeye anauzuia usifunguke maana kuna mtu ameusukuma mara mbili. Ameuliza neno moja tu: Msichana? Nikaitikia na kichwa. Amejipangusa uso kwa sleeve. Sijui anachofikiria. Sitamuuliza. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitaanza kupiga kelele.

Wimbo umeisha.

Mchungaji anasema kazi ya Mungu haisimami. Anasema tunaye dada mwingine ambaye Kiingereza chake ni kizuri, kiongozi wetu wa akina mama, karibu mbele.

Wamboi! Wamempa Wamboi maikrofoni yangu.

Kang'ethe amenigeukia. Amesikia pia.

Anajaribu spika, moja, mbili. Sauti yake ni ndogo. Ciku anaita Mami, Mami, mtu anamnyamazisha. Nabii anarudia kutoka mwanzo, pole pole, kama anamwandikia ubaoni. Look at this mother. Wamboi: mtazameni huyu mama. Heaven opened her secret. Wamboi: mbingu zilifungua siri yake.

The boy, anasema nabii, is no longer crying.

Wamboi hajasema kitu.

Nabii amerudia. The boy.

Bado. Kanisa lote limenyamaza, hata watoto. Nasikia pumzi yake kwa spika, anavuta, anashika. Kang'ethe ameweka sikio kwa mabati. Mchungaji anamnong'oneza, endelea, dada, endelea, na ile maikrofoni inashika hayo pia. Anavuta tena pumzi —